Nondo wa Hariri, Afugwaye na wa Mwitu

Bondeni ni mtaa wa Kisiwa cha Mombasa, jirani na Mji wa Kale. Kutoka hapo hadi Barabara ya Biashara, penye maduka ya nguo, si mwendo mrefu. Katika maduka hayo neno hariri halikauki midomoni: shela hii ni ya hariri, kilemba kile ni cha hariri, mtandio ule ni laini kama hariri. Nguo nyingi kati ya hizo hazikutoka kwa mdudu hata kidogo. Ni nguo za nailoni na poliesta, ambazo nyuzi zake hutengenezwa viwandani kutokana na mafuta ya ardhini. Lakini jina la hariri limedumu kwa sababu ya heshima yake, na heshima hiyo ina historia ndefu katika pwani yetu. Insha hii yaeleza historia hiyo kwa ufupi, kisha yamtazama mdudu mwenyewe. Maana wengi wameisifu nguo, na wachache wameuliza mfumaji wake wa kwanza alipatwa na nini alipoingizwa nyumbani mwa binadamu.

Hariri ilijulikana pwani zamani sana. Ibn Battuta, msafiri maarufu wa Tanja, alipozuru pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1331, alipewa Mogadishu vazi la heshima, na ndani ya vazi hilo mlikuwa na nguo ya hariri ya kujifunga kiunoni. Kutoka Mogadishu alifika Mombasa, kisha akaendelea Kilwa. Katika karne iliyofuata, merikebu kubwa za China zilizoongozwa na amiri Zheng He zilifika Malindi, zikichukua hariri na vyombo vya kauri miongoni mwa mali na zawadi zao. Mwezi wa Agosti 1505, Wareno waliokuwa chini ya Francisco de Almeida waliupiga mji wa Mombasa, wakauteka nyara na kuutia moto. Habari zilizoandikwa wakati huo zataja nguo za thamani za hariri na dhahabu, pamoja na mazulia, miongoni mwa mali iliyochukuliwa. Kwa hiyo mji huu ulijua hariri kwa kuivaa, na uliijua pia kwa kunyang'anywa.

Wala watu wa pwani hawakuwa wavaaji tu. Padri Monclaro, aliyefuatana na msafara wa Kireno ulioondoka Lisbon mwaka 1569, aliisifu Pate kwa vitambaa vyake vya hariri. Aliandika kwamba vitambaa hivyo vilifumwa huko, na vilikuwa bidhaa yenye faida kubwa katika miji mingine ya pwani ambayo haikuwa navyo. Mikono ya Waswahili ilikuwa na ustadi wa kufuma. Hata hivyo, uzi ni jambo moja na mdudu ni jambo jingine. Hariri iliyotukuzwa katika bahari ya Hindi ilikuwa na chimbuko lake mbali, katika nchi ya China, na huko ndiko twapaswa kwenda sasa ili tumwone mtoaji wake.

Mtoaji huyo ni kiwavi wa nondo ambaye wataalamu humwita Bombyx mori. Chakula chake ni majani ya mforsadi, mti utoao tunda tamu la forsadi. Akisha kukomaa hutoa uzi kinywani, akajizungushia mpaka akajifungia ndani ya kifukofuko. Uzi wa kifukofuko kimoja, ukikunjuliwa vizuri, waweza kufika mita 900 na kuzidi. Ndugu yake wa mwitu, Bombyx mandarina, angali anaishi mpaka leo katika miforsadi ya China, Korea na Japani. Kutoka kwa ukoo wa huyo wa mwitu, watu wa China walimtoa huyu wa nyumbani yapata miaka 5000 iliyopita. Kwa muda mrefu Wachina waliiweka kazi hiyo kuwa siri yao. Yasimuliwa kwamba karibu na mwaka 552 watawa wawili walimletea Kaisari Justiniani wa Konstantinopoli mayai ya nondo hao yaliyofichwa ndani ya fimbo, na tangu hapo siri ikatoka.

Miaka 5000 ya kulelewa ilimbadili mdudu. Nondo wa mwitu ana rangi ya kahawia kama gome la mti, naye huruka. Nondo wa nyumbani ni mweupe, mzito, na hawezi kuruka. Kiwavi wa mwitu hutafuta jani lake mwenyewe na kujificha asionwe na ndege. Kiwavi wa nyumbani hukaa juu ya chano akingoja aletewe majani, na asipoletewa hufa njaa hapo hapo. Kwa malipo ya matunzo hayo, kifukofuko chake kimekuwa kikubwa na uzi wake umekuwa mwingi. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mabadiliko hayo yaonekana kwa macho. Lakini yako mengine yasiyoonekana, na hayo ndiyo yaliyowashughulisha wataalamu wa zama zetu: nguvu ya mdudu ya kushinda sumu.

Ili jambo hili lieleweke, yafaa tukumbuke kwamba jani si chakula kinachokubali kuliwa bure. Mti hauna miguu ya kukimbia wala mikono ya kupigana, basi silaha zake nyingi ni sumu. Magome ya mikoko ya pwani yana tanini nyingi, na kwa sababu hiyo yalikuwa yakisafirishwa ng'ambo kwa kazi ya kutengeneza ngozi. Muhogo mchungu una sumu iwezayo kuua mtu, na watu wa pwani wajua kuumenya, kuuroweka na kuuanika kabla ya kuula. Sasa kiwavi hana kisu, hana maji ya kurowekea, wala hana jua la kuanikia. Jiko lake la kuondolea sumu limo tumboni mwake mwenyewe.

Kazi ya jiko hilo yaweza kufananishwa na kazi ya forodha katika bandari ya zamani ya Mombasa, ambako majahazi yalipakua shehena zao. Mzigo ukishuka, huja kwanza mtu wa kuufungua, kisha mtu wa kuutia alama, kisha hamali wa kuubeba na kuutoa nje. Katika mwili wa mdudu, wafanyakazi hao ni vimeng'enya, yaani vitu vidogo mno vinavyoharakisha mabadiliko ya kikemikali. Kundi la kwanza huitwa saitokromu P450, nalo huifungua sumu na kuibadili umbo. Kundi la pili, kaboksilesterasi, huvunja aina fulani za sumu vipande viwili. Kundi la tatu, glutathioni transferasi, huitia sumu alama kwa kuifunga na kitu kinachoyeyuka majini. Halafu wako wachukuzi wa kwenye kuta za seli, ambao huitoa nje. Kila mfanyakazi ana amri yake iliyoandikwa katika urithi wa mdudu, na amri hiyo ndiyo iitwayo jeni. Jeni zilizotoka katika asili moja na kufanya kazi zinazofanana huitwa familia ya jeni.

Mwaka 2004, wataalamu wa Japani na wa China, kila upande kwa kazi yake, walitoa nakala ya kwanza ya urithi wote wa nondo wa hariri. Mwaka 2008 kazi hizo mbili ziliunganishwa kuwa moja iliyo kamili zaidi. Ndipo wakaanza kuhesabu wafanyakazi wa forodha. Walipata jeni zipatazo 84 za saitokromu P450, karibu 76 za kaboksilesterasi, na 23 za glutathioni transferasi. Mwaka 2009 ilitolewa kazi nyingine kubwa, iliyolinganisha urithi wa nondo 40: wa nyumbani 29 na wa mwitu 11. Humo zilionekana jeni 354 zenye dalili ya kuchaguliwa na binadamu wakati wa ufugaji, na miongoni mwake zimo zinazohusu utoaji wa hariri, nguvu na uzazi.

Mtu angetazamia kwamba nondo wa nyumbani, kwa kuwa halazimiki kujitetea, angekuwa amepoteza jeni zake nyingi za kushinda sumu. Mambo hayakuwa rahisi hivyo. Familia hizo za jeni zimo kwa wote wawili, naye aliyefugwa hakutupwa mikono mitupu. Tofauti ilionekana zaidi katika bidii ya kazi, maana baadhi ya jeni hizo hufanya kazi kwa nguvu zaidi kwa yule wa mwitu. Ni kama nyumba mbili zenye mapanga sawa ukutani. Katika nyumba moja mapanga hunolewa kila asubuhi kwa sababu mwenyewe huenda porini, na katika nyumba ya pili yameachwa kwa sababu mlango unalindwa na mtu mwingine. Panga lisiloguswa bado ni panga, lakini siku ya haja si sawa na lile lililonolewa.

Sababu yake yaeleweka. Kule mwituni, kiwavi mwenye kinga dhaifu hufa kabla hajazaa, na udhaifu wake hufa pamoja naye. Kwenye chano cha mfugaji, kiwavi dhaifu hupewa jani safi lililochaguliwa na kupanguswa, akaishi, akazaa, na udhaifu wake ukaenda kwa watoto wake. Mfugaji huchagua wazazi kwa ukubwa wa kifukofuko. Hakuna amchaguaye kwa uwezo wa kuvumilia sumu. Na kitu kisichochaguliwa, vizazi vikipita, hulegea kidogo kidogo bila mtu kujua.

Hata hivyo tusimdharau mdudu huyu. Mforsadi wenyewe si mti mpole. Mwaka 2006 wataalamu wa Japani walionyesha kwamba utomvu mweupe wa majani yake una vitu vinavyofanana na sukari, ambavyo huwadhuru viwavi wa aina nyingine. Hata kiwavi wa hariri aitwaye eri, ambaye chakula chake ni majani ya mbarika, hudhurika akilishwa jani hilo. Nondo wa mforsadi hula bila taabu. Mwaka 2008 ilielezwa kwamba ana kimeng'enya cha kuvunjia sukari ambacho sumu hiyo haikizuii, na jeni ya kimeng'enya hicho yaelekea ilitoka kwa bakteria zamani sana. Basi mdudu huyu ni hodari mbele ya sumu moja aliyoizoea kwa vizazi visivyohesabika, na ni mnyonge mbele ya sumu nyingi ngeni. Mtu aliyekaa na adui mmoja maisha yake yote hujifunza hila za huyo mmoja tu.

Ukitaka kuona kinyume chake, msomaji, huna haja ya kwenda China. Mwaka 2016 kiwavijeshi wa Marekani, ambaye wataalamu humwita Spodoptera frugiperda, aligunduliwa katika Afrika Magharibi, na mwaka 2017 alikuwa amekwisha ingia katika mashamba ya mahindi ya Kenya. Mdudu huyo hula mimea ya aina nyingi sana, na kila mmea una sumu yake. Kwa hiyo forodha yake imepanuka, na jeni zake za saitokromu P450 huzidi 100. Mkulima apulizaye dawa shambani hushangaa kuona kiwavi anaendelea kula. Sehemu ya maajabu hayo ni hiyo: mdudu aliyezoea kushinda sumu za mimea mingi huja vitani akiwa na silaha tayari, na wale wanaookoka dawa huwarithisha watoto wao nguvu hiyo.

Hapa ndipo jambo linapokuwa zito. Dawa ile ile ambayo kiwavijeshi huivumilia, ikichukuliwa na upepo mpaka kwenye miforsadi ya jirani, yaweza kumwangamiza nondo wa hariri aliyelishwa majani hayo. Kiasi kidogo kisichomwua chaweza kumdhoofisha asifume kifukofuko sawasawa. Wafugaji wa Asia huonywa hata kutopanda miforsadi karibu na mashamba ya tumbaku, kwa sababu sumu ya tumbaku yatosha kuwadhuru viwavi wao. Kwa hiyo mtu apulizapo sumu bila kipimo, adui yake hupata mazoezi na rafiki yake hupata mauti.

Na historia imekwisha kuonyesha kwamba unyonge wa mdudu waweza kuwa msiba wa wanadamu. Katika karne ya 19, ugonjwa wa pebrini uliwaingia nondo wa Ufaransa. Mavuno ya vifukofuko, yaliyokuwa yapata kilo milioni 26 mwaka 1853, yalishuka hadi karibu kilo milioni 4 mwaka 1865. Mwaka huo huo wa 1865, mtaalamu Louis Pasteur alipelekwa kusini mwa nchi hiyo kuchunguza. Kwa miaka kadhaa alifanya kazi huko, akawafundisha wafugaji kuwapima nondo wazazi kwa hadubini na kuyatupa mayai ya wale wenye ugonjwa. Ugonjwa si sumu, nayo kinga yake ni nyingine. Lakini funzo ni moja: kiumbe aliyewekwa chini ya uangalizi wa binadamu humtegemea binadamu kwa kila kitu, na uangalizi ukikosea hana pa kukimbilia.

Je, Afrika Mashariki ina nini katika habari hii? Nondo wa mforsadi amekwisha fika kwetu, na huko Thika kuna kituo cha serikali cha utafiti wa ufugaji wake. Lakini nchi yetu ina nondo wa hariri wa kwake pia, wa mwitu, wasiokuwa ndugu wa karibu wa yule wa China. Gonometa hula majani ya migunga katika nchi kavu kama ya Mwingi, na hujifungia ndani ya kifukofuko kigumu. Anaphe wa Msitu wa Kakamega hukaa kijamaa. Viwavi wake hufuma kiota kimoja kikubwa cha hariri, kisha kila mmoja akafuma chake ndani yake. Ng'ambo ya bahari, katika kisiwa cha Bukini, nondo wa mwitu aitwaye Borocera ametoa kwa karne nyingi hariri ya sanda za kuzikia wazee wa heshima. Kituo cha wadudu cha icipe, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kimefanya kazi na wananchi wa Mwingi na wa kandokando ya Msitu wa Kakamega ili wapate riziki kwa hariri hiyo pasipo kuukata msitu.

Wadudu hao hawana chano wala mtu wa kuwapangusia majani. Hula jani kama Mungu alivyoliumba, lenye tanini na uchungu wake, na kila kizazi hupimwa upya. Uzi wao ni wa kahawia, si rahisi kuukunjua, nao haumeti kama ule wa China. Mfanyabiashara aweza kuuona kuwa duni. Lakini ndani ya miili yao zimo silaha ambazo hakuna mfugaji aliyezilegeza, na zimo huko kwa sharti moja tu, kwamba miti yao na misitu yao iendelee kuwapo. Mgunga ukikatwa kwa makaa, pamoja na kivuli chake hupotea shule iliyowafundisha viumbe hao kwa muda usiohesabika.

Haifai tuhitimishe kwamba kufuga ni kosa. Mahindi, ng'ombe, kuku na nyuki tunaowatunza wote wametoka mwituni, na binadamu asingejenga mji hata mmoja bila wao. Aliyemtia nondo nyumbani alitupa uzi uliovalisha wafalme na kuzisafirisha merikebu, tangu China hadi Mombasa. Ila kila ufugaji ni mapatano. Binadamu huchukua uzi, na mdudu huchukua usalama. Usalama huo una gharama, nayo hulipwa kwa kinga zilizolegea. Mwenye busara huijua gharama kabla ya kuilipa, na huweka akiba ya kumwokoa siku ya haja. Akiba ya nondo wa nyumbani ni ndugu yake wa mwitu. Kwake huyo, wataalamu waweza kwenda kutafuta kinga zilizopungua, kwa kuwa wawili hao bado huweza kuzaliana.

Basi kijana asomaye habari hii Bondeni, Mwingi, Kakamega au penginepo, anayo kazi mbili mbele yake. Ya kwanza ni kutumia sumu za shambani kwa kipimo na kwa elimu, akijua kwamba upepo hauchagui mdudu mwema na mbaya. Ya pili ni kuitazama misitu iliyosalia kama ghala lenye mali ambayo bado hatujaihesabu yote. Mombasa ya mwaka 1505 ilipoteza hariri yake kwa siku chache, kwa moto na kwa nguvu za adui. Hariri ya misitu yetu yaweza kupotea pole pole, pasipo kelele, kwa mikono yetu wenyewe, na ikisha kupotea hakutakuwa na merikebu ya kutuletea nyingine.